Asilimia Kumi na Tisa Nukta Nne

Ripoti tano, kampuni tano, namba moja. Mkutubi alizipanga mezani kwa mara ya tatu asubuhi ile, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, akakuta kitu kilekile: mwaka ujao hisa za ujenzi zitapanda kwa asilimia 19.4.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika Mfuko wa Wauguzi Wastaafu. Kila mwaka ukielekea ukingoni alitafuta ripoti za mwelekeo wa soko, akazisoma neno kwa neno, kisha akaiambia Bodi ipi ni ya kuaminika. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuwaponza. Hata dada yake, muuguzi mstaafu aliyeishi kwa pensheni ya Mfuko huohuo, alizoea kusema, "Mdogo wangu akishasoma, mimi roho yangu imetulia."

Lakini kampuni tano kukubaliana mpaka desimali, hapana. Tena namba yenyewe ilimkera, kama sura ya mtu unayemfahamu lakini hukumbuki mlikutana wapi.

Alizibeba ripoti hadi kwa Mkurugenzi.

"Bodi imeshapitisha, mama," Mkurugenzi alisema bila kuinua macho. "Theluthi mbili ya fedha inaingia kwenye ujenzi leo. Nasaini saa sita."

"Basi nipe mpaka hiyo saa sita. Namba hii ina mkono wa mtu."

"Kampuni zote tano zimekosea?"

"Zote zimenakili. Nataka kujua zimenakili kwa nani."

Mkurugenzi alipandisha mabega. "Saa sita."

Mkutubi alirudi mezani, akaanza kufukua tanbihi, yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna anayeyasoma. Kampuni kubwa kuliko zote iliitaja ya pili. Alipoipigia ya pili, mchambuzi wake alikiri bila haya kwamba namba waliitoa kwa ya tatu, "maana wale huwa hawabahatishi." Ya tatu ikamtuma kwa ya nne. Ya nne ikamtajia ya tano, kampuni ndogo ambayo simu yake iliita mpaka ikakatika.

Saa tano na robo alichukua mkoba wake, akatoka.

Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la rangi. Ngazi zilinuka tapentaini. Alikuta chumba kimoja chenye meza tatu, mbili zikiwa zimefunikwa kwa plastiki kama samani za msiba. Kwenye ya tatu alikaa mchambuzi, mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri lakini kola imechakaa.

Mkutubi alipotaja anakotoka, mchambuzi alisimama ghafla hata akajigonga goti. Jasho likamtoka puani.

Nimempata, Mkutubi alijiambia.

"Mmekuja kunikagua," mchambuzi alisema polepole.

"Nimekuja kuuliza. Hii kumi na tisa nukta nne uliitoa wapi?"

Aliutazama mlango. "Kuna mtu amelalamika?"

"Bado. Lakini kuna wauguzi elfu tisa wanaokula kwa namba yako."

Simu ikaita mkobani. Mkurugenzi.

"Usisaini," Mkutubi aliwahi. "Niko kwa mwenyewe hapa. Nipe dakika kumi."

"Nimeshasaini. Wakala wa hisa alitaka mapema, bei isije ikatukimbia." Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. "Rudi tunywe chai."

Mkutubi aliishusha simu taratibu. Mchambuzi alimvutia kiti, naye akakaa bila kushukuru.

"Sema," alimwambia. "Uliibuni?"

"Sikuibuni, mama. Naapa." Alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Tulikuwa watatu hapa, wawili wameacha kazi. Utafiti wa soko zima ningeuweza wapi peke yangu? Niliichukua kwa watu ninaowaamini kuliko mtu yeyote katika kazi hii. Kosa langu ni moja tu, sikuomba ruhusa."

Alifungua droo, akatoa karatasi, akamwekea mbele kwa mikono miwili.

Ilikuwa fotokopi. Juu kulikuwa na nembo ya Mfuko wa Wauguzi Wastaafu. Ni ile fomu Mkutubi aliyozipelekea kampuni mwezi wa sita, kuzionyesha namna ya kupanga makadirio yao, na katika nafasi ya hisa za ujenzi, kwa mwandiko wake mwenyewe, paliandikwa 19.4.

Pembeni yake alikuwa ameandika neno "mfano", kwa penseli. Kwenye fotokopi halikutokea.