Nani Kamuua Nahodha

Nahodha alipotumbukia kwenye volkano ya mwezini, bibi alimshika mjukuu wake mkono kwa nguvu.

"Kitabuni anarudi nyumbani," alinong'ona, na safu nzima ya mbele yao pale sinemani ikageuka. "Si nilikusomea mwenyewe, ulipougua surua?"

"Ulinisomea, bibi."

"Sasa nani kamuua?"

Mjukuu aliinamia bisi zake. Produsa ndiye aliyetaka watu walie, lakini aliyeiandika filamu ni yeye mjukuu, na nyumbani alikuwa amesema tu kwamba amepata tiketi za bure.

Majina yakaanza kupanda kwenye skrini.

"Twende, bibi, basi litatuacha."

"Lituache." Bibi alitoa miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, taratibu, kioo kimoja kisha kingine. "Leo huyo mwandishi atanitambua."