Geti la Waziri

Siku hizi tamthilia za historia hazibuniwi. Mifupa ya marehemu husomwa kwa mashine, na runinga huonyesha yale waliyoyaona walipokuwa hai. Ilipofika zamu ya kuonyeshwa mauaji ya Waziri Mkwela, Mwajabu hakuwa na wasiwasi. Babu yake alikuwa mlinzi wa Waziri huyo, na kwao walisimuliana kwamba alipigwa hadi akazirai akiwazuia wauaji. Baiskeli nyekundu aliyopewa na Waziri bado ilining'inia ukutani sebuleni. Basi akaalika majirani, akakaanga sambusa.

Kwenye runinga, babu alifungua geti hata kabla honi haijapigwa. Gari likaingia. Risasi zikalia. Kisha mtu mwenye miwani akashusha baiskeli nyekundu garini.

"Chukua, bwana. Umetufaa."

Hakuna mgeni aliyegeuka kutazama ukutani. Hilo ndilo lililomchoma Mwajabu, jinsi walivyojikaza wasigeuke. Aliona haya hata kuwakaribisha sambusa zilizobaki.

Mama Sekela, jirani yake wa miaka ishirini, alijifunga khanga, akaaga. Mwajabu akainuka kumsindikiza, kama ilivyokuwa kawaida yao.

"Kaa tu, mwenzangu," Mama Sekela alisema kwa upole, bila kumtazama. "Geti nitafungua mwenyewe."