Kiko Kimoja Tu

Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Fundi Saa akaikinga ya pili kwa kiganja, akaishusha juu ya tumbaku, akavuta kidogo kidogo. Moto ukashika. Njiti ya tatu hakuwa nayo, wala hakuitaka.

"Kiko kimoja tu, mzee," daktari alikuwa amemwambia, "kisha uingie tumalize." Akamwonyesha benchi nje, nyuma ya chumba cha kufulia.

Maskini daktari, alidhani ametoa dakika kumi. Hakujua kwamba katika mashindano ya chama cha wavuta kiko, mzee huyu alikuwa bingwa miaka minne mfululizo. Gramu tatu za tumbaku, njiti mbili, na atakayezimikiwa mwisho ndiye mshindi. Rekodi yake ilikuwa saa moja na dakika arobaini.

Leo alikusudia kuivunja. Kiko kikizimika hatakuwa na kisingizio kingine cha kubaki nje, na ndani alikuwa akiogopa kuingia.

Binti yake akaketi kando, amepakata mfuko wa nguo.

"Baba, wanatungoja."

"Na wangoje. Ruhusa nimejipa mwenyewe?"

"Daktari amesema hakutakuwa na maumivu hata kidogo."

"Amejuaje? Ameshawahi kufanyiwa yeye?"

Binti nusura acheke, kisha akageuza uso na kufuta macho. "Siku kumi na tisa, Baba. Kila kitu kimejaribiwa."

Anayeongea sana kiko humzimikia. Fundi Saa alishindilia majivu kwa kidole gumba, taratibu, akavuta pumzi nyembamba. Ukikivuta kwa pupa kinaungua, ukikisahau kinapoa. Kwa miaka arobaini alitengeneza saa za watu. Leo alikuwa na ugomvi na moja tu, ile ya mkononi mwa binti yake.

Daktari alichungulia mlangoni mara ya kwanza, akatabasamu. Mara ya pili hakutabasamu. Mara ya tatu alikuja mpaka benchini, akautazama ule uzi wa moshi, akarudi zake.

"Mama angekwambia unajitesa bure," binti alisema.

"Mama yako hajaniharakisha hata siku moja. Nawe usianze."

Wafuaji walitoka kuanika mashuka, wakaingia, wakatoka tena kuyageuza.

"Saa moja na dakika arobaini na mbili," binti alisema hatimaye. "Umevunja rekodi, Baba."

Akavuta. Hakikutoka kitu. Akavuta tena mpaka mashavu yakabonyea, wapi! Akakikung'uta kiko kwenye ukingo wa benchi, akakitia mfukoni, akanyoosha mkono ashikwe. Wakaingia pole pole, hatua za mtu anayekwenda asikotaka.

Daktari alikuwa akiwasubiri chumbani.

"Uko tayari, mzee?"

"Siko tayari. Lakini lete."

Akapewa karatasi na kalamu. Fundi Saa akainama kitandani, akambusu mkewe kwenye paji la uso, akatia sahihi, na muuguzi akanyoosha mkono kuizima mashine iliyokuwa ikimpumulia.