Kutua kwa Muindi

Upepo ulimpiga Mahad ubavuni akiwa mita mia tatu juu, na uwanja wa shule aliopaswa kutua ukaanza kumkimbia.

Alivuta kamba ya kushoto. Parachuti ikageuka, ikatulia kidogo, kisha ikasukumwa tena upande kama ng'ombe anayekataa josho. Bendera yenye neno AMANI ilikuwa inamchapa miguuni. Huko chini watu wa Nuu walikuwa wamekaa hemani, wakulima huku, wafugaji wa ngamia kule, wote wameinua shingo kumtazama mtoto wa Abdiladif, mfanyabiashara wa ngamia, akiwashushia amani kutoka mbinguni. Lilikuwa wazo la kamati. Kamati haikuwa imeuliza upepo.

"Mahad, elekea upepo," Fahad, mwalimu wake, alisema kwenye redio. "Usipigane nao. Ukifika chini ya mita hamsini usigeuke tena, utajiua. Tua popote."

"Popote ni wapi, mwalimu? Upepo unanipeleka ng'ambo ya kilima."

"Ng'ambo kwa nani?"

"Kwa Muindi."



Kisa cha Muindi kila mtu alikijua. Mwezi uliopita ngamia waliingia kwenye ndengu zake. Mwanawe mkubwa alienda kuwafukuza, akarudishwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa, risasi kifuani. Siku ya mazishi Muindi aliinua panga mbele ya kaburi na kuapa kwamba mfugaji yeyote atakayekanyaga shamba lake atakatwa kabla hajasalimia. Siku tatu baadaye Dirie, mjomba wake Mahad, alivamiwa njiani akakatwa mkono, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Leo, kwenye hema la amani, kiti cha Muindi kilikuwa kitupu.

Mahad aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Alivuta kamba hii, akavuta ile. Upepo ukamvusha kilima, vumbi likafunika kila kitu, na alipoiona ardhi ilikuwa imeshafika magotini. Akatupwa ubavu juu ya kichuguu. Alisikia mfupa wa mkono wa kulia ukivunjika kabla hajasikia uchungu. Kisha uchungu ukaja, akapiga kelele.

Parachuti ilikataa kulala. Ilijaa upepo upya, ikambeba chali, kichwa kikitangulia, ikamburuta juu ya mabua na miiba. Shati likararuka, na mgongo ukaanza kuchunika. Alijua la kufanya. Kifuani kulikuwa na kishikio chekundu. Ukikivuta, parachuti inaachia na kwenda zake, wewe unabaki. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshakishika alipowaona.

Walikuwa wanatoka bomani mbio, wanaume sita au saba, mapanga na mashoka juu. Muindi alikuwa mbele.

"Shikeni huyo!" alipaaza sauti. "Asiende! Asiende!"

Mahad akakiachia kishikio. Akivuta sasa, atabaki hapo chali na mkono mmoja, wamfikie wamkatekate. Acha upepo umburute. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliushukuru upepo, akamwomba Mungu auongeze. Akachomoa kisu kiunoni.

Lakini watu wa Nuu wana mbio. Wawili walimpita, wakakimbilia huko mbele asikoweza kuona, na akasikia kitambaa kikipasuka na mwanamke akipiga ukemi kule bomani. Jiwe lilimgonga kichwani, damu ikamwingia machoni. Mtu akamrukia miguu, akateleza, akaachwa. Kasi haikupungua.

Ndipo Muindi akamfikia. Alimwangukia kifuani kwa goti, wakaburutwa wote wawili, uso kwa uso. Mkono mmoja ulikamata mkanda wa kifuani. Mwingine ulikuwa na panga.

"Mzee, si mimi niliyemuua!" Mahad alilia. "Wallahi si mimi!"

Panga lilishuka. Likapita karibu na sikio. Likashuka tena, likapita juu ya bega. Kumbe mzee hana shabaha, Mahad aliwaza, lakini ya tatu hatakosa.

Alimpiga kisu mbavuni. Kikazama hadi kwenye mpini. Akakichomoa, akampiga tena, na damu ya moto ikamwagikia tumboni. Muindi aliguna, macho yakamtoka, lakini panga halikusimama. Lilishuka mara ya tatu kwa nguvu zote za mzee yule. Kitu kikakatika kwa kishindo, na mburuto ukaisha ghafla.

Mahad alijipapasa shingo. Shingo ilikuwapo.

Muindi alikuwa amemlalia, anahema kwa shida, panga limemponyoka, mkono bado umeng'ang'ania ule mkanda. Wenzake walikuwa wamesimama hatua chache nyuma yake, hakuna aliyethubutu kusogea. Mahad aliona nafasi yake. Akaweka miguu yote miwili kwenye tumbo la mzee, akajikaza kumsukuma ili ajivute nyuma na kutoroka.

"Usinisukume, mwanangu," Muindi alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Geuza kichwa kwanza."

Mahad akageuza kichwa. Kilikuwa kinaning'inia hewani, na ndani ya machimbo ya mawe parachuti ilikuwa bado inaanguka, haijafika chini.