Ukoko wa Mgeni

Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya meli iliyozama, serikali ilimpeleka kila marehemu nyumbani kwa watu baki, akiwa sura ya mwanga inayozungumza, atengewe chakula akitakacho. Kumpeleka kwa ndugu zake ilikuwa marufuku.

Sihaba alikuwa akimtengea chai mzee asiyemjua, mgeni wake wa mwaka ule, mara Mwatima, jirani aliyehamia juzi, akabisha hodi.

"Shoga, una ukoko? Mgeni wangu mtoto, pilau haitaki, kang'ang'ania ukoko tu."

Moyo ukamlipuka Sihaba paa! Haji, mwanawe aliyezama na meli ile, alikuwa hivyo hivyo. Akakwangua sufuria, akampa ukoko kwenye sahani.

Baadaye Mwatima alirudisha sahani, ukoko vile vile, haujaguswa.

"Kautazama sana, kisha kauliza: 'Mama yupo karibu?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia yuko mbali. Si ndiyo sheria, shoga?"