Jani la Bibi wa Uru

Vijana wawili walicheka mpaka wakashikana mabega. Zita peke yake hakucheka.

Ilikuwa mchana, katika chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani mjini Moshi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kwenye shuka ukutani, bibi kizee wa Uru alikuwa akiifukuza kamera kwa jani refu. Filamu haikuwa na sauti. Sauti aliitia Sadallah, mwenye filamu, kwa mdomo wake, kila alipoionyesha.

"Niondolee shetani wako wa chuma," aliigiza kikongwe. Bibi alipojishika sikio la kushoto, akaongeza, "Kelele zake zimenitia uziwi."

Kipande hicho ndicho kilichompa jina. Sadallah alitengeneza sinema zake mwenyewe, bila serikali wala bwana, kwa kamera aliyoinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Miaka mitatu alimzungusha yule bibi kwenye stesheni za reli, Korogwe mpaka Tanga, na watu wakavunjika mbavu. Mlimani kwao Uru hakuwahi kuipeleka filamu ile. Sasa alikuwa akiwafundisha vijana watatu kusimulia kwa picha, na somo la kwanza lilikuwa hili: usimsemee mtu asichokisema.

"Samahani, mwalimu," alisema Zita. "Hilo jani ni isale."

"Ndiyo nini?"

"Kwetu Uru, ukimkosea mtu vibaya, unamchumia isale. Ukipelekewa, hukatai." Zita aliinamisha macho. "Yule bibi hafukuzi mtu. Anakuomba msamaha. Na wewe unarudi nyuma."

Kicheko kikakatika. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini Sadallah alijiona hana hata kisingizio hicho, maana hakuwahi kuuliza. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka, hata lile la kushoto lenye pengo, ambalo hakujua alilipataje. Alizoea kuaibishwa na mtu mmoja tu duniani, Bi Mwantumu, aliyemwokota sokoni akiwa mtoto mdogo, mwaka wa njaa, akamlea. Yeye akikasirika humwita Sirili, jina alilokuwa nalo Sadallah kabla ya kusilimishwa. Leo kaaibishwa na binti wa miaka kumi na minane, tena kwa haki.

"Kesho napanda Uru," alisema. "Nitamtafuta, nimpelekee isale mimi. Lakini yeye alinikosea nini? Sikuwahi kumwona kabla ya siku ile."

"Labda alikufananisha, mwalimu," alisema Khamisi, ambaye dakika moja nyuma alikuwa akicheka kuliko wote.

Zita alikuwa bado anaitazama shuka. "Tuirudie, lakini polepole. Anasema Kichagga. Nikiuona mdomo vizuri huenda nikaelewa."

Sadallah alirudisha filamu, akashika mpini wa projekta na kuuzungusha taratibu. Safari hii hakumsemea. Bibi akatokea tena migombani. Akamtazama usoni mtu aliyeshika kamera, akajishika sikio, akanyoosha jani kwa mikono miwili, akafungua mdomo.

"Hasemi mengi," alisema Zita. "Anaita mtoto. Jina moja tu, tena na tena."

"Jina gani?"

"Sirili."