Nyumba ya Kanga Katika Kata Tatu

"Na nyumba yenyewe itasimama wapi?" Kanga aliuliza kikaoni, lakini wakubwa walikuwa wakipigiana makofi.

Kanga ndiye aliyefagia masoko ya kata tatu: ya Kiboko mpenda hotuba, ya Nyati mkaidi na ya Ngiri mchoyo. Jioni alilala njiani na wanawe, kwa kuwa kila mkubwa alisema makazi ya mfagizi ni jukumu la jirani. Mvua ilipomuulia kifaranga mmoja, waliona haya, wakaitisha kikao.

"Tushirikiane, ndugu zangu," alisema Kiboko. "Sakafu ni yangu."

"Kuta nitajenga mimi," alisema Nyati, "ila matofali yangu hayavuki mpaka."

Ngiri aliguna. "Paa niachieni. Nalo halitoki kwangu."

Masika yaliporudi, Kanga alikabidhiwa nyumba. Kwa Kiboko alikuta sakafu nzuri imejaa maji. Kwa Nyati alikuta kuta nne zinatazama mawingu. Kwa Ngiri, paa lilikuwa limelazwa chini, hata mjusi asingejipenyeza. Alizunguka tena na tena, akidhani ni yeye asiyeelewa.

"Mama, tunaingilia wapi?" mwanawe aliuliza.

"Subiri, mwanangu. Bado naitafuta."

"Kata tatu zimekujengea, na bado unatafuta?" Ngiri alimcheka. "Kanga bwana, huna shukrani hata kidogo."

Basi wewe unayesikiliza, kama una uvungu mkavu, tafadhali mfungulie Kanga na wanawe walale leo.